Tableti au kisomeo? Pima macho kabla ya kufungua mfuko

UKISUBIRI feri ya Likoni asubuhi utaona jinsi mambo yalivyobadilika. Zamani abiria aliyetaka kupitisha wakati alifungua gazeti. Siku hizi wengi wameinamia simu. Jioni, iwe ni Mtongwe, Mshomoroni au Chaani, simu hiyo hiyo ndiyo mtoto anayofanyia kazi ya shule, ndiyo mama anayosomea habari, na ndiyo baba anayopanda nayo kitandani.

Macho yakianza kulalamika, familia nyingi huamua kununua kifaa kikubwa zaidi cha kusomea. Hapo ndipo swali huzuka. Je, ni afadhali kununua tableti ya bei nafuu, ambayo wengine huiita kishikwambi, au kile kifaa kisichofanya kazi nyingine ila kuonyesha vitabu? Kifaa hicho cha pili hakijapata jina moja lililozoeleka. Wengi hukiita Kindle, ingawa hilo ni jina la bidhaa ya kampuni moja tu. Katika makala haya tutakiita kisomeo.

Muuzaji dukani atakueleza habari za kamera, betri na ukubwa wa kumbukumbu. Ni nadra akuulize unasoma saa ngapi, una umri gani, na ni lini mara ya mwisho ulipimwa macho. Hata hivyo, hayo ndiyo maswali ya kujibiwa kwanza. Mtu anaweza kutumia maelfu ya shilingi akitafuta nafuu ya macho yanayomuuma, kumbe alichohitaji ni miwani.

Kila kioo na kazi yake

Tableti hutoa mwanga wake yenyewe. Katika nyingi za bei nafuu, taa ndogo zilizo nyuma ya kioo humulika kuelekea kwa msomaji. Ndiyo sababu tableti huonyesha picha za rangi na filamu hata katika chumba chenye giza.

Kisomeo hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Ndani ya kioo chake mna chembe ndogo mno, nyeupe na nyeusi. Umeme kidogo huzisogeza chembe hizo juu na chini, na zile nyeusi zinapokuja juu ndipo herufi inapoonekana. Ikishaandikwa, herufi hubaki pale pale bila kutumia umeme mpaka ufungue ukurasa mwingine. Unaiona kwa mwanga unaoangukia kioo kutoka nje, kama unavyoliona gazeti hili.

Kampuni ya E Ink, ambayo ndiyo iliyoendeleza aina hii ya kioo, ilianzishwa huko Marekani mwaka 1997. Sony ilitoa kisomeo cha kioo hicho nchini Japani mwaka 2004, nayo Amazon ikaleta Kindle ya kwanza Novemba 2007. Visomeo vingi vya leo vina taa ndogo pembeni zinazomulika ukurasa, si macho yako. Vile vya zamani, ambavyo huuzwa kama mitumba, mara nyingi havina taa yoyote, na anayevinunua hana budi kuwa na taa nzuri ya chumbani.

Tofauti hii ina maana kubwa kwetu Pwani. Ukikaa nje saa saba mchana na tableti, utajiona uso wako kuliko utakavyoyaona maandishi. Utalazimika kukunja uso, kusogeza kifaa karibu na kuongeza mwanga mpaka betri iishe. Kisomeo hakina shida hiyo, kwani kadiri jua linavyowaka ndivyo herufi zinavyoonekana wazi. Aidha, kisomeo kikichajiwa mara moja hukaa wiki kadhaa, ilhali tableti huhitaji chaja karibu kila siku. Stima ikipotea siku mbili, anayesoma kwa kisomeo huenda asijue tofauti.

Je, skrini hupofusha?

Wazazi wengi huwatisha watoto kwamba tableti itawapofusha. Chama cha madaktari wa macho cha Marekani kinasema hakuna ushahidi kwamba mwanga wa buluu unaotoka kwenye skrini huharibu macho. Mwanga huo ni hafifu sana ukilinganishwa na ule unaotoka kwa jua.

Kwa hivyo, usiharakishe kununua miwani inayodaiwa kuzuia mwanga wa buluu. Uchunguzi uliokusanya majaribio 17 na kutolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba miwani hiyo huenda isipunguze uchovu wa macho kwa watumiaji wa kompyuta, angalau kwa muda mfupi uliochunguzwa.

Basi mbona macho huuma? Sababu ni za kawaida. Kwanza, mtu anapokazia macho skrini hupepesa kope mara chache kuliko kawaida. Kupepesa ndiko kunakotandaza machozi juu ya jicho, na kukipungua jicho hukauka, likawasha na kuwa jekundu. Ukikaa mbele ya feni, kama wengi wetu tunavyolazimika kufanya kwa sababu ya joto, ukavu huo huzidi.

Pili, ndani ya jicho mna msuli mdogo unaokaza ili uone vitu vya karibu. Msuli huo ukikaza saa mbili mfululizo huchoka, kama mkono ulioshika ndoo bila kubadilisha. Tatu, herufi ndogo au zenye ukungu hukulazimisha kusogeza kifaa karibu zaidi, na uchovu huongezeka.

Utaona kwamba sababu hizi hupatikana kwenye vifaa vyote viwili, na hata kwenye kitabu cha karatasi. Wanasayansi waliojaribu kuvilinganisha hawakukubaliana. Utafiti uliofanywa Uswisi na kutolewa mwaka 2012 haukuona tofauti kubwa ya uchovu kati ya tableti na kisomeo, na watafiti wakasema ubora wa picha ndio wenye uzito zaidi. Mwingine, uliotolewa mwaka 2013 na kuwahusisha wasomaji 12, ulionyesha kwamba waliosoma kwenye skrini ya tableti walichoka macho zaidi kuliko waliotumia kisomeo au karatasi.

Funzo la tafiti hizo ni ukali wa herufi. Kisomeo kipya cha kawaida huwa na nukta 300 katika kila inchi moja ya kioo. Tableti ya inchi 10 ya bei nafuu, ile ambayo kwenye kasha imeandikwa 1280 kwa 800, ina nukta zipatazo 150 tu, yaani nusu. Nukta zikiwa chache herufi huonekana na kingo zenye mikwaruzo. Tableti yenye ukubwa huo huo lakini ya 1920 kwa 1200 ina nukta zipatazo 220, na tofauti utaiona kwa macho yako. Basi ukiwa dukani, fungua ukurasa wa maandishi matupu, usome aya nzima. Usidanganywe na picha za maua na machweo ya jua ambazo muuzaji hupenda kuonyesha.

Usingizi ndio unaoibwa

Ikiwa kuna jambo ambalo vifaa hivi viwili hutofautiana waziwazi kwa upande wa afya, ni usingizi. Mwili una saa yake. Giza likiingia, ubongo huachilia homoni iitwayo melatonini inayouandaa mwili kulala. Mwanga mkali unaoingia machoni usiku huichelewesha homoni hiyo.

Mwishoni mwa mwaka 2014 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha watu 12. Kwa usiku tano mfululizo walisoma kwa saa nne kabla ya kulala wakitumia tableti yenye kutoa mwanga, na kwa usiku tano wakasoma vitabu vya karatasi katika mwanga hafifu. Walipotumia tableti, walichukua takriban dakika 10 zaidi kupata usingizi, melatonini yao ilipungua kwa zaidi ya nusu wakati wa jioni, na siku iliyofuata ilichelewa kwa saa moja na nusu. Asubuhi waliamka na uchovu zaidi, ingawa muda waliokaa kitandani ulikuwa sawa.

Ni kweli kwamba saa nne ni nyingi na tableti yao iliwekwa mwanga mkali. Anayesoma nusu saa, mwanga ukiwa umepunguzwa, hataathirika kiasi hicho. Lakini mwanga si mwizi wa pekee. Tableti ina ujumbe, video, michezo na mabishano ya siasa. Unaifungua saa tatu usiku usome kurasa mbili, ukistuka ni saa sita na hujasoma hata moja. Kisomeo hakina vishawishi hivyo. Uchache wa kazi zake, ambao muuzaji huuona kama kasoro, ndio dawa yake.

Hapa bara ya Mombasa jambo hili si dogo. Wako maelfu wanaofanya kazi kwa zamu: makuli na madereva wa bandarini Kipevu, walinzi, wauguzi, wafanyakazi wa viwanda vya Changamwe na wa hoteli za Bamburi. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri ili awahi feri hana dakika 10 za kupoteza, wala saa mbili. Dereva wa lori aliyekosa usingizi ni hatari kwake na kwa kila anayekutana naye barabarani. Ikiwa wewe ni wa kundi hili na kusoma kwako hasa ni kitandani, kisomeo kinakufaa kuliko tableti. Taa yake iweke chini, ikutoshe tu kuona maneno.

Kama una tableti tayari, usiitupe. Punguza mwanga, zima milio ya ujumbe, na uiache sebuleni saa moja kabla ya kulala. Usiichaji chini ya mto wala ndani ya chandarua. Joto letu ni kali, na betri inayokosa hewa inaweza kuvimba na hata kushika moto.

Mtoto wa shule

Kwa mtoto hesabu hubadilika. Mwaka 2016 serikali ilianza kugawa tableti kwa wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule za msingi za umma, na zaidi ya vifaa milioni moja vilipelekwa shuleni. Tangu mtaala mpya uanze kufundishwa kote nchini mwaka 2019, wazazi wamezoea kuambiwa watafute picha, video au nakala fulani kwa kazi ya nyumbani. Vitabu vingi vya watoto vina michoro ya rangi na kurasa kubwa. Kisomeo cha kawaida huonyesha rangi nyeusi na nyeupe tu, na nakala za shule zilizopigwa picha kwa ukurasa mzima huonekana ndogo mno kwenye kioo chake cha inchi sita. Mtoto atazisogeza karibu na pua. Kwa kazi kama hiyo, tableti ndiyo inayofaa.

Kisomeo kina nafasi yake kwa mtoto aliyekwisha kujua kusoma na anayependa hadithi. Shirika la Worldreader, lililoanzishwa mwaka 2010, lilipeleka visomeo katika shule za Ghana na baadaye Kenya kwa sababu hiyo: kifaa chepesi kubeba mamia ya vitabu mahali ambapo vitabu ni haba na stima ni ya shida.

Tableti ikishaingia nyumbani, sheria ni lazima. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto aliye chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini kamwe, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Mzazi anayempa mtoto wa mwaka mmoja tableti ili anyamaze wakati wa kupika anapaswa kutafuta njia nyingine.

Kwa mtoto mkubwa, mche ugonjwa wa kutoona mbali. Jicho linalokua huku likitazama vitu vya karibu tu, ndani ya nyumba, huelekea kurefuka kupita kiasi. Huko Guangzhou, China, watafiti waliwaongezea wanafunzi wa darasa la kwanza dakika 40 za kucheza nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30 ya watoto hao walikuwa hawaoni mbali vizuri, ikilinganishwa na karibu asilimia 40 ya wale wasioongezewa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Dakika 40 za mpira uwanjani ni kinga isiyouzwa, basi usimzuie mtoto kutoka nje kwa sababu umemnunulia tableti ya masomo.

Waliopita miaka arobaini

Wako wanaoamini kwamba simu imewaharibu macho kwa sababu siku hizi hawasomi mpaka wanyooshe mkono. Ukiwa umefika miaka 40 au zaidi, kuna uwezekano mkubwa kwamba huo ni umri. Lenzi ya jicho hukakamaa kadiri miaka inavyoongezeka, na vitu vya karibu hupoteza uwazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hali hii huwapata watu bilioni 1.8 ulimwenguni. Tiba yake ni miwani ya kusomea.

Vifaa vyote viwili hukuza herufi, na hilo ni faraja kwa mzee anayetaka kusoma gazeti au kitabu cha dini. Angalia tofauti moja. Kitabu kilichotengenezwa kwa ajili ya visomeo hukubali kukuzwa na maneno yakajipanga upya. Nakala iliyopigwa picha haikubali, na itambidi msomaji asukume ukurasa huku na huko. Kwa nakala za aina hiyo tableti ya inchi 10 humfaa zaidi.

Upande wa uzito, kisomeo kidogo cha kawaida hakifiki robo kilo, nayo tableti ya inchi 10 hukaribia nusu kilo. Mwenye maumivu ya vidole, kifundo cha mkono au shingo ataitambua tofauti hiyo kabla ya kumaliza sura moja. Vyovyote iwavyo, usisome ukiwa umeinama na kifaa mapajani. Kiinue kwa mto au ukiegemeze mezani.

Hesabu ya mfukoni

Tableti za bei nafuu hupatikana kwa urahisi madukani, na zikiharibika fundi yuko karibu. Visomeo ni adimu. Kindle ya kawaida iliyotolewa mwaka 2024 iliuzwa Marekani kwa dola 110, ambazo kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola ni zaidi ya shilingi 14,000 kabla ya usafirishaji na ushuru. Kioo chake kikivunjika, vipuri ni vigumu kupata. Tableti nayo ina gharama iliyofichika, nayo ni bando. Kwa vitabu pekee, kisomeo karibu hakili bando lolote.

Kama pesa ulizo nazo zinatosha kitu kimoja tu, anza kwa kupimwa macho. Mtoto asiyeona ubao hatasaidiwa na kifaa chochote, na mtu wa miaka 50 asiye na miwani ataumwa kichwa mbele ya kioo cha aina yoyote. Huenda baada ya kupata miwani ukagundua kwamba simu yako ya zamani inakutosha.

Kwa ufupi, chukua tableti ikiwa msomaji ni mtoto wa shule, ikiwa unahitaji rangi na nakala za kurasa kubwa, au ikiwa kifaa kitatumiwa na nyumba nzima mchana. Chukua kisomeo ikiwa unasoma vitabu virefu, usiku au juani, na ikiwa usingizi wako ni mfupi. Kwa vyote viwili, shika kifaa kwa umbali wa kiwiko hadi ngumi au zaidi. Kila baada ya dakika 20 inua macho utazame kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20. Pepesa kope kwa makusudi, na uelekeze feni kando ya uso.

Usilaumu kifaa

Ziko dalili ambazo hazitokani na skrini na hazingoji. Mwone daktari mara moja ukiona ghafla miali ya mwanga, vidoa vingi vinavyoelea au kitu kama pazia mbele ya jicho, au jicho likiwa jekundu lenye maumivu makali na uoni umepungua. Mtoto mwenye weupe ndani ya mboni, au ambaye jicho moja limeanza kwenda upande, apelekwe hospitali bila kungoja likizo. Mgonjwa wa kisukari apimwe macho kila mwaka hata kama anaona vizuri. Vivyo hivyo aliyefika miaka 40 na ana jamaa mwenye glakoma, kwani ugonjwa huo huiba macho pole pole bila maumivu, na kilichopotea hakirudi.

Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe, iwe ni hospitali ya Likoni au ya Port Reitz, uulize wanakopima macho. Ukihitaji uchunguzi zaidi, wanaweza kukuelekeza Hospitali Kuu ya Pwani kisiwani. Ukirudi na majibu, ndipo uende dukani.